Jinsi Mwanafunzi Anavyoweza Kuingia Katika Utafiti wa Lugha na Usemi Chuoni

Mwanafunzi anayetafuta nafasi ya utafiti katika uchakataji wa lugha asilia na usemi hujiuliza kwanza aandike wapi na kwa nani. Nitalifikia swali hilo, lakini linatanguliwa na jingine: atakapojibiwa, atakuwa na nini cha kuonyesha? Wasimamizi wa maabara hupokea barua nyingi zinazosema kwamba mwandishi anaipenda akili bandia, na ni chache mno zinazoambatana na kazi iliyokamilika. Kazi yenyewe haihitaji kuwa kubwa. Jaribio moja dogo, lenye data ambayo asili yake inajulikana, matokeo ambayo mtu mwingine anaweza kuyarudia na maelezo ya kweli kuhusu mahali liliposhindwa, humfungulia mwanafunzi milango ambayo alama nzuri peke yake hazimfungulii. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaanza na kazi, na maombi yanafuata baadaye.

Nimemwandikia mwanafunzi wa shahada ya kwanza au ya uzamili, awe anatoka katika sayansi ya kompyuta, uhandisi, hisabati au isimu. Wanafunzi wa isimu nawataja kwa makusudi, maana wengi wao hujitoa mapema wakidhani kwamba uwanja huu ni wa waandishi wa programu pekee, ilhali mtu anayeijua vizuri fonolojia na mofolojia ya lugha fulani, yaani mfumo wake wa sauti na muundo wa maneno yake, huona kwa dakika chache kosa ambalo wenzake wa kompyuta watalizunguka kwa wiki nzima.

Fahamu uwanja ulivyogawanyika

Utafiti huu una pande mbili zilizokua kila mmoja kwa njia yake. Upande wa matini hushughulikia tafsiri ya mashine, utambuzi wa majina ya watu na mahali, uchanganuzi wa hisia, ufupishaji wa habari na kujibu maswali. Upande wa usemi hushughulikia utambuzi wa usemi, yaani kugeuza sauti kuwa maandishi, usanisi wa usemi ambao ni kinyume chake, utambuzi wa msemaji, na tafsiri ya usemi kutoka lugha moja hadi nyingine. Watafiti wa matini hukutana zaidi katika makongamano ya ACL, chama cha isimu ya kompyuta kilichoanzishwa mwaka 1962, na wale wa usemi hukutana Interspeech, kongamano linaloandaliwa na chama cha mawasiliano ya usemi, ISCA, na ICASSP, la chama cha wahandisi wa umeme, IEEE. Tangu Transformer, muundo wa mtandao wa neva unaotumiwa sasa na mifumo mingi ya lugha, ulipochapishwa mwaka 2017 zana za pande zote mbili zimekaribiana sana, lakini mgawanyiko wa zamani bado unaonekana katika vyuo vyenyewe: maabara ya usemi inaweza kuwa chini ya uhandisi wa umeme, ile ya matini ikawa chini ya sayansi ya kompyuta, na watu wa fonetiki wakawa katika jengo la isimu. Mwanafunzi anayetafuta katika ukurasa wa idara moja tu hukosa nusu ya vikundi vilivyopo katika chuo hichohicho.

Vipo vituo vilivyoundwa mahususi ili kuziunganisha pande hizo, na ni vizuri kuvifahamu hata kama hutaomba nafasi huko, kwa kuwa orodha zao za miradi huonyesha jinsi kazi hizi zinavyogawanywa. Chuo Kikuu cha Edinburgh kina kituo cha teknolojia ya usemi kilichoanza mwaka 1984 na kinachowaweka pamoja watu wa isimu na wa informatiki. Johns Hopkins, huko Baltimore, ina kituo cha lugha na usemi kilichoongozwa kwa miaka mingi na Frederick Jelinek, mmoja wa watu walioleta mbinu za takwimu katika utambuzi wa usemi alipokuwa IBM. Carnegie Mellon ina taasisi nzima ya teknolojia za lugha. Katika Chuo Kikuu cha Charles, Prague, mkazo umekuwa katika isimu rasmi na uchanganuzi wa sarufi, na katika chuo cha teknolojia cha Brno kipo kikundi cha usemi ambacho Kaldi, zana huria ya utambuzi wa usemi iliyotolewa mwaka 2011 na kutumiwa na maabara nyingi kwa miaka kadhaa, ina mizizi yake mojawapo huko.

Msingi unaotosha kuanzia

Huhitaji kumaliza kozi zote kabla ya kuanza. Lugha ya Python, nadharia ya uwezekano, aljebra ya vekta na matriki, na uelewa wa namna modeli, yaani programu inayojifunza kutokana na data, inavyofunzwa na kupimwa vinatosha kwa mwanzo. Rasimu ya toleo la tatu la kitabu cha Dan Jurafsky na James H. Martin, kinachohusu lugha na usemi pamoja, hupatikana bure mtandaoni, na mihadhara ya kozi ya Stanford kuhusu uchakataji wa lugha kwa mitandao ya neva imewekwa wazi kwa yeyote. Anayeelekea kwenye usemi apakue pia Praat, programu ya bure iliyoandikwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, ajirekodi akitamka sentensi kumi, kisha aitazame picha ya masafa ya sauti yake mwenyewe. Mtu aliyeona kwa macho yake jinsi irabu inavyotofautiana na konsonanti ya mkwaruzo katika picha hiyo huelewa kwa urahisi kwa nini mifumo mingi hukata sauti katika vipande vya milisekunde 25 vinavyosogezwa milisekunde 10 kila mara.

Kazi ndogo iliyokamilika

Hapa ndipo ninapomshauri mwanafunzi atumie muda mwingi kuliko mahali pengine popote. Achague lugha anayoijua vizuri, na swali ambalo jibu lake linaweza kupatikana kwa miezi miwili au mitatu akiwa na kompyuta ya kawaida na saa chache za kichakataji cha GPU, ambacho huduma kama Google Colab hukitoa bure kwa kiwango fulani. Kwa msomaji wa Kiswahili, lugha ipo tayari na data ipo. Mradi wa Common Voice, ulioanzishwa na Mozilla mwaka 2017, unakusanya sauti za watu wanaosoma sentensi kwa hiari yao, na Kiswahili kimo ndani yake. MasakhaNER, iliyochapishwa mwaka 2021, ina matini za habari katika lugha 10 za Afrika, Kiswahili kikiwa mojawapo, ambamo majina ya watu, mahali na mashirika yamewekewa alama kwa mkono. Chuo Kikuu cha Helsinki nacho kina kopasi, yaani mkusanyo wa matini, kubwa ya Kiswahili iliyotokana na kazi ya Arvi Hurskainen.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Mwanafunzi anachukua Whisper, modeli ya utambuzi wa usemi iliyotolewa na OpenAI mwaka 2022 baada ya kufunzwa kwa saa 680,000 za sauti, katika umbo lake dogo lenye vigezo milioni 244. Anaipima katika sehemu ya majaribio ya Common Voice ya Kiswahili bila kuifunza chochote, anaandika matokeo, kisha anachukua sentensi 100 ambazo modeli ilikosea na kuzisoma moja baada ya nyingine huku akisikiliza sauti. Hatua hiyo ya mwisho wengi huiruka, na kwa maoni yangu ndiyo inayomtenganisha mtafiti na mtu aliyeendesha tu programu ya mwingine.

Kipimo cha kawaida ni kiwango cha makosa ya maneno: unajumlisha maneno yaliyobadilishwa, yaliyodondoshwa na yaliyoongezwa, kisha unagawanya kwa idadi ya maneno ya unukuzi sahihi, yaani maandishi ya kile kilichosemwa kweli. Tuseme unukuzi sahihi ni "watoto wale wamenisubiri hapo nje" na modeli ikaandika "watoto wale wamesubiri hapo nje". Kiambishi kimoja cha mtendwa kimepotea, lakini kwa kuwa neno zima limehesabiwa kuwa kosa, kiwango ni 1 kati ya 5, yaani asilimia 20. Ukihesabu herufi pamoja na nafasi, makosa ni 2 kati ya 33, kama asilimia 6. Lugha inayobeba nafsi, wakati na mtendwa ndani ya neno moja huadhibiwa vikali na kipimo cha maneno, na kulinganisha namba yake na ya lugha yenye maneno mafupi yaliyotengana ni kulinganisha vitu viwili tofauti. Mwanafunzi anayeandika aya moja ya kueleza jambo hilo kwa mifano aliyoikuta mwenyewe katika data ameshaonyesha ujuzi ambao haumo katika cheti chake.

Akiendelea kusoma makosa yale 100 atakutana na mengine ambayo si makosa hata kidogo. Neno "ng'ombe" linaweza kuandikwa kwa alama ya ritifaa iliyonyooka katika unukuzi na iliyopinda katika jibu la modeli, na kompyuta ikaona maneno mawili tofauti. Mwaka unaweza kuandikwa kwa tarakimu upande mmoja na kwa maneno upande mwingine, na hapo kosa moja la kuonekana likazaa matano. Herufi kubwa na alama za uakifishaji nazo huleta tofauti za namna hiyo. Kabla ya kudai kwamba modeli ni mbaya, sawazisha maandishi ya pande zote mbili kwa kanuni moja, eleza kanuni hiyo kwa maandishi, na utoe matokeo kabla na baada ya kusawazisha.

Ukiamua kuifunza modeli zaidi, hakikisha kwamba msemaji yeyote aliyemo katika data ya mafunzo hayumo katika data ya majaribio. Sauti ya mtu mmoja ikiwa pande zote mbili, matokeo yatapendeza na hayatakuwa na maana. Common Voice humpa kila mchangiaji kitambulisho kisicho na jina lake, kwa hiyo mgawanyo huo unawezekana kufanywa. Usitazame data ya majaribio wakati wa kuchagua mipangilio. Tumia sehemu nyingine ya data, mbali na ya mafunzo na ya majaribio, iliyotengwa kwa kazi hiyo. Hifadhi namba ya kuanzishia bahati nasibu (seed), inayoifanya kompyuta irudie uchaguzi uleule wa nasibu, matoleo ya programu ulizotumia na amri ulizoandika, halafu umpe rafiki msimbo wako aurudie katika kompyuta yake bila kukuuliza swali. Maswali atakayolazimika kukuuliza ndiyo sehemu ambazo maelezo yako hayajakamilika.

Wapo watakaosema kwamba data ya lugha yao ni ndogo mno na kwamba hakuna kinachoweza kufanyika. Hoja hiyo imepungua nguvu. Watafiti wa wav2vec 2.0, mbinu ya kuifunza modeli ya usemi, walionyesha mwaka 2020 kwamba modeli iliyojifunza kwanza kutokana na sauti nyingi zisizo na unukuzi inaweza kutoa matokeo yanayotumika ikiongezewa dakika 10 tu za sauti iliyonukuliwa. Jaribio lao lilikuwa la Kiingereza kilichosomwa vitabuni kwa sauti safi, na ni swali halali la utafiti kuuliza ni kiasi gani cha faida hiyo kinabaki katika lugha nyingine, katika mazungumzo ya kawaida, au palipo na kelele.

Ukikusanya sauti mwenyewe, kumbuka kwamba sauti humtambulisha mtu kama uso unavyomtambulisha. Andika fomu ya ridhaa inayoeleza kwa lugha nyepesi sauti itatumika kwa kazi gani, itahifadhiwa wapi, nani ataweza kuipata na jinsi mtu anavyoweza kujiondoa, na upate kibali cha kamati ya maadili ya chuo chako kabla ya kurekodi hata sekunde moja. Data iliyokusanywa bila ridhaa haiwezi kurekebishwa baadaye, na kazi nzuri iliyojengwa juu yake huenda isichapishwe kamwe.

Kutafuta kikundi kinachokufaa

Makala za makongamano ya ACL zimewekwa bure katika hazina yake, ACL Anthology, na za Interspeech katika hazina ya ISCA, kwa hiyo huna sababu ya kulipia chochote. Andika swali lako katika maneno mawili matatu, tafuta makala za miaka mitatu iliyopita, na usome kwanza jedwali la matokeo na sehemu ya mapungufu kabla ya utangulizi. Andika majina ya waandishi yanayojirudia na vyuo vyao. Mwandishi wa kwanza mara nyingi ni mwanafunzi wa uzamivu na wa mwisho huwa ndiye msimamizi. Mwanafunzi huyo wa uzamivu ndiye mtu mwepesi zaidi kujibu swali la kiufundi, na msimamizi husikiliza anachosema.

Usichague kikundi kwa jina la chuo peke yake. Tazama kama kinachapisha data na msimbo wake, na kama wanafunzi wa shahada ya kwanza au ya uzamili huonekana miongoni mwa waandishi. Kikundi ambacho kwa miaka mitano hakijamtaja mwanafunzi yeyote wa ngazi yako katika makala zake hakitaanza na wewe.

Milango iliyo wazi

Mlango usiodai cheti chochote ni kazi shirikishi, yaani mashindano ambayo waandaaji hutoa data na kipimo kimoja kwa vikundi vyote, kisha kila kikundi huandika makala fupi ya kueleza mfumo wake. SemEval huandaa kazi za namna hiyo kila mwaka. Mwaka 2023 ilikuwa na moja ya uchanganuzi wa hisia katika lugha 14 za Afrika. IWSLT hufanya vivyo hivyo kwa tafsiri ya usemi, na mwaka 2021 iliweka Kiswahili cha pwani kwenda Kiingereza, na Kiswahili cha Kongo kwenda Kifaransa. Timu ya wanafunzi watatu inaweza kushiriki, ikashika nafasi ya katikati, na bado ikachapisha makala halali iliyopitiwa na wataalamu. Ninaupendekeza mlango huu kuliko yote, kwa kuwa swali, data na tarehe ya mwisho vimeshaamuliwa na wengine, na mwanafunzi hufundishwa kumaliza.

Masakhane, jumuiya ya watafiti wa lugha za Afrika iliyoanza mwaka 2019, imewaandika watu wa kawaida, watafsiri na wanafunzi kuwa waandishi wenza wa makala zake. Makongamano ya ACL yana warsha maalumu ya utafiti wa wanafunzi, ambako unaweza kuomba mshauri akusomee rasimu kabla ya kuiwasilisha. Warsha ya majira ya joto ya Johns Hopkins, inayobeba jina la Jelinek na ambayo miaka mingine huhamia vyuo vingine, huwaweka wanafunzi, wakiwemo wa shahada ya kwanza, katika timu moja na watafiti wakubwa kwa wiki kadhaa. Shule ya kiangazi ya ESSLLI, ambayo imefanyika tangu mwaka 1989 katika miji mbalimbali ya Ulaya, humfaa aliye kati ya isimu na mantiki.

Kwa shahada ya uzamili, programu ya Erasmus Mundus ya teknolojia za lugha na mawasiliano humpitisha mwanafunzi katika vyuo viwili kwa miaka miwili; miongoni mwa vyuo vilivyoshirikiana humo ni Saarland, Groningen, Lorraine, Malta na Charles. Ufadhili wake hutegemea awamu, hivyo soma tangazo la mwaka unaoomba. Edinburgh ina uzamili wa uchakataji wa usemi na lugha, na Groningen ina wa teknolojia ya usemi. Uzamivu una utaratibu tofauti kulingana na nchi: Ujerumani na Uholanzi nafasi nyingi ni ajira yenye mshahara, hutangazwa wakati wowote wa mwaka kwa mradi uliokwisha kupangwa, ilhali Marekani unaomba kwa idara, kamati huamua, na tarehe za mwisho nyingi huangukia Desemba kwa masomo yatakayoanza msimu wa vuli unaofuata. Anayetaka Marekani inampasa kuwaarifu waandishi wa barua za mapendekezo mapema, ikiwezekana Septemba.

Barua

Barua nzuri ya kuomba nafasi inasomwa kwa dakika moja. Mtaje mpokeaji kwa cheo na jina lake, sema wewe ni nani kwa sentensi moja, kisha uingie kwenye kazi: umesoma makala gani ya kikundi chake, umejaribu nini kinachohusiana nayo, na umepata nini. Mfano wa kiini chake unaweza kuwa hivi:

"Nimesoma makala ya kikundi chenu kuhusu utambuzi wa usemi katika lugha zenye data chache. Nilipima modeli mliyoitoa kwa Kiswahili na nikasoma kwa mkono makosa 100. Theluthi moja yalitokana na viambishi vya mtendwa kudondoshwa, jambo ambalo kipimo cha maneno hakilionyeshi. Msimbo na maelezo yapo katika kiungo kilicho hapa chini. Ningependa kujua kama kuna kazi katika kikundi chenu ambayo ninaweza kuisaidia kwa saa kumi kwa wiki kuanzia muhula ujao."

Ombi katika barua hiyo lina kipimo: saa, muda na aina ya kazi. Sentensi ya "niko tayari kufanya lolote" huonekana ya unyenyekevu, lakini humwachia msomaji mzigo wa kukutafutia la kufanya. Tuma barua kwa watu watano au sita uliowasoma kweli, kila mmoja barua yake. Usipojibiwa, kumbusha mara moja baada ya wiki mbili, kisha uendelee na wengine bila kinyongo. Ukimya mara nyingi hutokana na wingi wa barua na uchache wa fedha za mradi.

Ukishapokelewa

Katika mkutano wa kwanza uliza mambo matatu na uyaandike. Uliza swali la utafiti ni lipi kwa sentensi moja, kwa sababu msimamizi na mwanafunzi wanaweza kufanya kazi miezi miwili wakiwa na maswali mawili tofauti vichwani. Uliza data inamilikiwa na nani na kama utaruhusiwa kuitumia katika tasnifu yako. Uliza pia ni mchango gani unaomfanya mtu atajwe kuwa mwandishi wa makala, maana ni heri swali hilo liulizwe kabla hakijawepo cha kugombania.

Baada ya hapo weka daftari la majaribio. Kila siku ya kazi iwe na tarehe, ulichokibadilisha, ulichotarajia na kilichotokea, pamoja na jina la faili la matokeo. Peleka kwa msimamizi ukurasa mmoja kila wiki, hata katika wiki ambayo kila kitu kimekataa, ukianza na jaribio lililoshindwa na unachodhani kuwa chanzo chake. Na kabla ya kuigusa modeli yenyewe, chukua saa moja ya data uliyokabidhiwa, vaa vipokea sauti, usikilize hadi mwisho huku ukifuata unukuzi kwa kidole. Orodha ya makosa utakayoyakuta humo, ukiiwasilisha katika mkutano wa pili, itakuwa mchango wako wa kwanza katika kikundi hicho.